Maji ya Kulowekea

Mara kumi na moja kazi ilikuwa imemgandia, na fundi wa maabara alikuwa amechoka mpaka kwenye kope. Ukiisikia, utasema ni kazi ya mchezo: unaloweka udongo laini, unautawanya kwenye maji ya sabuni, unaongeza kimiminika kinachogeuka plastiki kikipata joto, unakoroga saa nne. Mambo yakienda sawa unapata maziwa mazito, kila chembe ya plastiki imekumbatia udongo wake. Yeye alipata mabonge.

Lawama alikuwa ameshamtupia mtu. Baada ya mkupuo wa sita alimwambia bosi kwamba mwenzake, mpimaji, ana mkono mzito kwenye mizani. Mpimaji, mtu wa miaka ishirini kazini, akahamishiwa stoo kupanga maboksi. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliacha kabatini. Mikupuo mitano zaidi ikaganda bila yeye. Sasa bosi amesema wa kumi na mbili ukiganda, mradi unafungwa.

Asubuhi moja fundi alimkuta mama yake akikwangua ukoko mweupe ndani ya birika, akiyasema vibaya maji ya bomba. Fundi akaacha chai nusu kikombe. Maji safi ya maabara alikuwa akiyaonea uchungu, basi udongo aliuloweka kwa maji ya bomba, na kwenye daftari hakuandika, maana kuloweka ni kuloweka tu. Chumvi ile ile iliyoganda kwenye birika ndiyo iliyokuwa ikimgandishia kazi.

Akaloweka upya, kwa maji safi. Kesho yake maziwa yalipita kwenye chujio bila kuacha hata punje. Alidhani atafurahi. Alikaa kwenye stuli, miguu ikimuuma, na aibu ikimuuma zaidi.

Alishuka stoo na chupa ya maziwa yale mkononi. Mpimaji aliiinua kwenye mwanga, akaitikisa taratibu kama alivyozoea.

“Kaka, haikuwa mizani,” fundi alisema. “Yalikuwa maji yangu ya kulowekea.”

“Bosi anajua?”

“Anajua imekubali.”

Mpimaji akamrudishia chupa, akashika boksi jingine. “Basi kazi hujaimaliza, dada.”

Fundi akapanda ngazi pole pole, akishika ukuta. Kabla ya kugonga mlango wa bosi alipitia kabatini, akalichukua lile koti lililokunjwa.