Kimo cha Kiegemeo

Saa moja na nusu ya asubuhi, siku ya Jumatatu, fundi aliyeitwa Mlingoti alibana kipande cha mti kwenye mashine yake ya kukereza, ncha moja huku na ncha nyingine kule, akakizungusha kwa mkono mzunguko mmoja mzima ili ahakikishe hakigusi chuma popote. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake: mti uzungushwe kwanza na mtu, ndipo uzungushwe na umeme. Kisha akachukua spana apandishe kiegemeo, yaani kile kipande cha chuma kinacholala mbele ya mti ili patasi ipate pa kuegemea. Spana iligoma. Nati ilikuwa imechomelewa.

Alitazama kushoto, akatazama kulia. Mashine zote kumi na mbili zilikuwa zimechomelewa, na madonge ya chuma yalikuwa bado yanang'aa. Mafundi wenzake walikuwa wamesimama na spana mikononi kama watu waliokuta msiba umekwisha na wageni wametawanyika.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Tajiri wa kiwanda alikuwa amechoka kuona kila fundi anaanza siku yake kwa kupandisha na kushusha, kupima na kupima tena. Jumamosi jioni alimwita mchomeleaji, akasimama mbele ya mashine ya kwanza na suti yake, akakunja mkono, akaonyesha usawa wa kiwiko chake, akasema, “Hapa.” Mchomeleaji akachomelea hapo, na kwenye zile mashine nyingine kumi na moja akachomelea vivyo hivyo. Tajiri mwenyewe hakuwahi kukereza hata mwiko.

Kanuni ya kiegemeo si siri. Fundi husimama wima, kiwiko kikiwa karibu na ubavu, akailaza patasi juu ya chuma. Makali yanatakiwa yaukute mti katikati hasa, na mpini uwe umeshuka kidogo. Kiegemeo kikiwa chini mno kwa mtu, atainama, na siku moja mti utaidaka patasi na kuivuta. Kikiwa juu mno, patasi itakwaruza badala ya kukata. Patasi nene hutaka kiegemeo kishuke, nyembamba hutaka kiinuke. Kwa hiyo hakuna kimo kimoja. Baba yake Mlingoti alikuwa akisema, “Kiegemeo humfuata mtu. Ukiona mtu anakifuata kiegemeo, hama kiwanda.”

Mlingoti alikwenda ofisini. Alikuwa mrefu kuliko watu wote kiwandani, na hata mlango wa ofisi aliuingia kichwa kikiwa kimepinda.

“Tajiri,” alisema, “kile ni kimo chako. Si changu.”

“Mtaka cha mvunguni sharti ainame,” tajiri alijibu, wala hakujibu kwa ubaya. Akamuuliza na hali ya mama yake.

Basi akainama. Wiki ya kwanza mgongo ulimuuma hadi akawa analala kifudifudi. Wiki ya pili uliuma kidogo. Wiki ya tatu haukuuma kabisa, naye akashukuru, akidhani amezoea. Mwisho wa mwezi aliona suruali ya ovaroli yake inaburura maranda sakafuni.

Aliipeleka kwa fundi cherehani wa pale kona. Fundi cherehani alimsimamisha, akampima mara moja, akatia pini.

“Umepungua vidole viwili,” alisema. “Nikunje vitatu kabisa, usije ukarudi mwezi ujao?”

“Wengine wamekuja?”

“Wote. Warefu nawakunjia, wafupi nawafungulia.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nati zilikuwa haziwezi kusogea, kwa hiyo watu ndio waliosogea. Warefu walishuka na wafupi walipanda, unene wa ukucha kwa siku kadhaa, kila mmoja akielekea pale ambapo kiwiko chake kingelingana na chuma. Kazi iliendelea vizuri. Miguu ya meza ilitoka mizuri, na nguzo za ngazi zilifanana kama punje za mahindi.

Aliyepanda kuliko wote alikuwa Nukta. Huyu alikuwa rafiki wa Mlingoti tangu walipokuwa wanafunzi wa kazi, na wenzao walizoea kusema kwamba wawili hao wakisimama pamoja wanaandika herufi i na nukta yake. Zamani Nukta alikuwa akisimama juu ya mbao mbili zilizopigiliwa pamoja ili aufikie mti. Tajiri alizitupa mbao hizo siku ile ile ya kuchomelea, akisema zinachafua sakafu. Kwa miezi minne Nukta alifanya kazi mikono ikiwa juu kama mtu anayeanika nguo, na kwa miezi minne akarefuka.

Mlingoti asingejali sana, maana urefu ulikuwa umempa manundu ya kichwani zaidi ya heshima. Lakini nyumbani kulikuwa na mama.

Mama yake alikuwa ameacha kuona miaka sita nyuma. Hakulalamika, alisema heri kufa macho kuliko kufa moyo, akaendelea kupika na kufagia vyumba vyao viwili kama kawaida. Kila jioni mwanawe alipobisha hodi, mama alisimama mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia juu hadi mwisho wake, na ncha za vidole zikagusa kidevu. Hapo ndipo kidevu cha mumewe kilipokuwa, enzi zake. Mtoto alikuwa amekirithi kimo chote, bila kupunguza wala kuongeza. “Karibu, mwanangu,” mama alisema, na siku ikahesabika kuwa imekwisha salama.

Mwezi wa kwanza vidole viligusa midomo. Mwezi wa pili viligusa pua. Mama alichelewa kidogo kusema karibu. Mwezi wa nne kiganja kizima kilitua kwenye paji la uso, na mama akauondoa mkono haraka.

“Samahani, baba,” alisema. “Nilidhani ni mwanangu.”

“Ni mimi, mama.”

“Sauti ni yake, sikatai. Lakini mwanangu huongea kutoka juu.”

Mlingoti alimweleza mambo ya kiwandani, moja baada ya jingine. Alimtajia kovu la goti na siku alipolipata. Alimkumbusha jinsi marehemu baba alivyokuwa akisafisha patasi kwa mafuta ya taa, na mama akipiga kelele juu ya harufu. Mama alisikiliza yote kwa makini, mikono ikiwa mapajani.

“Naona mwanangu amekueleza mengi,” alisema mwishowe. “Bila shaka mnapendana. Karibu ukae.”

Akampa kiti cha wageni. Kile kiti kingine, chenye miguu mirefu aliyoikereza Mlingoti mwenyewe, kilibaki kitupu karibu na dirisha, na Mlingoti alipotaka kukikalia mama alimwambia kwa upole kwamba kina mwenyewe. Alilala kwenye chumba chake akiwa mgeni, akaamkiwa asubuhi kama mgeni, akaulizwa kama amelala vizuri na kama kwao ni wazima. Aliumia. Mtu anaweza kutukanwa na mama yake akacheka siku ya pili, lakini kuheshimiwa naye namna ile ni kitu kingine kabisa.

Alijaribu kuhama. Alikwenda kiwanda cha ng'ambo ya barabara, na msimamizi wa huko akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Sisi pia tumechomelea,” alisema. “Ila yetu iko chini zaidi. Ungependa kuiona?”

Hakupenda. Alirudi, na siku iliyofuata, wenzake walipotoka kwenda kula, alitoa msumeno wa chuma kwenye mfuko. Hakutaka kumficha rafiki yake, kwa hiyo alimwambia Nukta abaki.

“Usikate,” Nukta alisema.

“Nakata yangu tu.”

“Ukikata yako, kesho wengine watakata zao, na keshokutwa tajiri ataona hakuna maana, azifungue zote. Mimi nitashuka.”

“Hujui kama utashuka.”

“Najua. Nikikaa nyumbani siku tatu za mapumziko, naanza kushuka.” Nukta alivua kofia, akaifuta vumbi, akaivaa tena. “Ndugu yangu, zamani nikiingia dukani, muuzaji alikuwa ananiuliza nani kanituma. Nina watoto wanne, ananiuliza nani kanituma. Sasa ananiuliza nataka nini.”

Mlingoti alilijua duka hilo, na alikuwa akisimama pale pale siku nyingi muuzaji alipouliza, naye hakuwahi kusema neno. Hata hivyo alikata.

Donge la chuma lilichukua dakika ishirini. Nati ilipolegea, alisimama wima, akakiweka kiwiko ubavuni, akailaza patasi, akapandisha kiegemeo mpaka makali yakaukuta mti katikati. Akakaza. Akauzungusha mti kwa mkono. Alipowasha mota na kugusa mti, maranda yalitoka marefu, yakapita juu ya kifundo cha mkono wake na kuanguka bila kukatika. Alikuwa hajaona maranda ya namna hiyo kwa miezi minne, na machozi yalimlengalenga.

Kupanda kulikuwa kwa haraka kuliko kushuka, kwa kuwa mwili ulikuwa unarudi kwao. Jumatano mkono wa mama ulitua kwenye nyusi. Alhamisi ulifika puani. Ijumaa vidole viligusa midomo, vikakaa hapo, vikasikiliza pumzi.

“Unakuja,” mama alisema.

“Nakuja, mama.”

“Njoo upesi. Chakula kinapoa.”

Zilibaki siku mbili za kazi, pengine tatu. Jumatatu asubuhi tajiri alitoka ofisini, akasimama juu ya ngazi anywe chai yake huku akitazama watu wake. Vichwa vya mafundi vilikuwa vimelingana kama ubao uliopigwa randa. Kimoja kilikuwa kimechomoza.

Tajiri alishuka na kikombe chake. Aliitazama nati, akaugusa mkato wa msumeno kwa kidole. Hakufoka. Alimtuma mtu amwite mchomeleaji, na wakati wa kumngoja aliuliza tena hali ya mama.

“Hanitambui,” Mlingoti alisema.

“Uzee,” tajiri alisema, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Mchomeleaji alikuja na mitungi yake, akauliza kipimo. Tajiri alikuwa ameshika kikombe, hakutaka kukunja mkono, kwa hiyo akamwonyesha fundi aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu alikuwa Nukta. Nukta alisogea mbele ya mashine ya rafiki yake, akasimama wima, akakunja mkono. Kiwiko chake kilikaa sawasawa na kimo cha tajiri cha siku ile. Cheche zikaruka.

“Nisamehe,” Nukta alisema bila kugeuza kichwa. “Wewe hata ukishuka bado unaonekana. Mimi nikishuka, nani ataniona?”

“Simama vizuri,” Mlingoti alimwambia. “Utaungua.”

Kazi ilipokwisha, tajiri aliwakusanya. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine usoni, wala hakuhitaji kuinua macho wala kuyashusha. “Hapa kwangu hakuna mrefu wala mfupi,” alisema. “Sote ni sawa.” Aliongea kwa moyo. Mafundi walipiga makofi kidogo, na Mlingoti naye akapiga, kwa sababu patasi ilikuwa mezani na mikono ilikuwa haina kazi.

Safari hii mwili haukungoja miezi. Ulikuwa umekwisha kuijua njia, na kwa wiki moja ukawa umeshafika. Ile Jumatatu nyingine mama alinyoosha mkono mlangoni, ukapita juu ya nywele, ukabaki hewani. Alingoja kidogo mkono ukiwa vile vile. Kisha akaushusha, akasema, “Karibu, mgeni,” na hakuunyoosha tena siku nyingine.

Mafundi wapya wameajiriwa tangu hapo, warefu kwa wafupi, na fundi cherehani wa kona ameongeza cherehani ya pili. Mlingoti bado anaitwa Mlingoti. Wapya hudhani ni mzaha, nao huucheka. Nukta hupita dukani kila jioni hata akiwa hana cha kununua.

Nyumbani mama hupika kwa ajili ya watu watatu. Mgeni hupewa sehemu nzuri, kwa kuwa mama anajua adabu, lakini kipande kikubwa huingia kwenye bakuli lenye kifuniko. Asubuhi humkabidhi mgeni bakuli hilo likiwa limefungwa kwa kitambaa safi.

“Mpelekee mwanangu,” humwambia. “Huko kiwandani hawampi nafasi hata ya kurudi nyumbani.”

Mlingoti hulibeba. Saa saba mchana, mashine zikinyamaza, hukaa kwenye maranda, akafungua kitambaa, akala mpaka mwisho. Jioni hulirudisha. Mama hulipapasa ndani kwa vidole vyote vitano, polepole, kuanzia ukingoni hadi chini, na akikuta ni tupu hulala vizuri, kwa maana mwanawe, popote alipo, bado anakula.