Nakshi ya Mwambani

Kaole nzima ilijua kwamba Mwanabaraka binti Mwinyimvua hakuwa na mkono mbaya. Ukili wake, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ulinyooka, mishono yake haikuonekana. Ubaya ulikuwa mmoja tu: kila alichosuka kilikuwa kimeshasukwa na wenziwe.

Na wasukaji wa Kaole hawakuwa watu wa kusameheana. Mkeka wa bibi harusi ulitandazwa mbele ya wanawake, nao wakaitaja nakshi yake kwa jina. Likipatikana jina la zamani, basi msukaji kaiga. Watu wakala pilau wakaenda zao. Mara mbili Mwanabaraka alitandaza mkeka aliodhani ni mpya, na mara mbili Bi Sikuzani, mkubwa wa wasukaji, hakungoja hata kukaa. Mara ya kwanza alisema, "Jicho la Kuku." Mara ya pili akasema, "Jicho la Kuku lile lile, ila limeoga." Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanabaraka alicheka nao, maana anayenuna harusini huchekwa upya. Nyumbani alilia.

Sasa mdogo wake wa mwisho, Somoe, alikuwa anaolewa, na kazi ya mkeka ilimwangukia Mwanabaraka. Akaapa: safari hii ama nakshi mpya, ama hashiki ukindu tena maishani. Wala hakuwa mtu wa kuapa bure.

Mwaka huo wa hamsini na tatu, nduguye Dadi alikuwa akifanya kazi kwa mpiga picha mmoja mjini Bagamoyo, na alikuwa na wazimu wake. Alitengeneza sanduku la mbao, akalitia kioo upande mmoja, akaziba nyufa kwa lami, akaweka ndani kamera kuukuu aliyoifyatua kwa uzi, akaenda kuizamisha mwambani. Sanduku la kwanza lilivuja. La pili likastahimili, na Dadi akaja mbio kumwonyesha dada yake picha yenye ukungu.

Mwanabaraka akaitazama. "Nani kasuka ukili huu?"

"Ukili gani, dada? Hilo tumbawe!"

Akaipeleka picha mlangoni penye mwanga. Mistari ilipanda, ikajipinda, ikaingiana, na ilipokaribia ukingo haikukatika, ilirudi ndani.

"Na rangi zake?"

"Picha haina rangi. Rangi ziko huko huko."

"Basi nipeleke."

Mama yao alisema mwanamke mzima hainamishi kichwa baharini mchana kweupe. Mwanabaraka akajifunga kanga mbili, akapanda ngalawa. Kule mwambani, maji yamekupwa, Dadi alitoa kamera sandukuni, akalilaza sanduku juu ya maji, kioo chini. Mwanabaraka akainama, akatia uso ndani.

Tumbawe lilikuwa la zambarau, na kila bonde lake lilikuwa la kijani. Kitatange wa manjano akapita na mistari yake myeusi, hana haraka. Mwani ukalala wote upande mmoja, kisha ukainuka pamoja. Mwanabaraka alicheka peke yake kwa sauti.

"Miaka yote nawala samaki hawa," alimwambia Dadi, "na hakuna aliyeniambia wamevaa hivi!"

Dadi alisema maji yanajaa, warudi. Aliambiwa angoje, akangoja mpaka miguu ikashikwa na baridi.

Kazi ilikuwa nyumbani. Ukili huanzia ncha moja ukaishia nyingine, na mstari wa tumbawe hauna ncha. Alisuka akafumua, akasuka akafumua, mpaka siku moja akaanzia katikati, akasuka kwenda huku na huku. Nakshi ikakubali. Alimkumbatia Dadi mpaka akampaka rangi ya zambarau kwenye kanzu.

Siku ya harusi chumba kilijaa.

"Shikamoo, Bi Sikuzani."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tutandazie jicho letu."

Vicheko vikaanza. Mkeka ukatandazwa. Safari hii Bi Sikuzani akasogea karibu. Mwanamke mmoja akajaribu, "Mawimbi?"

"Mawimbi yana mwisho," alisema Bi Sikuzani. Akapiga magoti, akafuata mstari kwa kidole, kidole kikampotea. "Umeiona wapi hii?"

"Chini ya maji, Bi. Mwambani."

"Na mimi nimezaliwa ufukweni hapa!" Akawageukia wanawake. "Sina jina lake. Kaiona yeye, aiite yeye."

"Zama Uone," alisema Mwanabaraka.

Kigelegele cha kwanza alikipiga Somoe mwenyewe, bibi harusi, aliyetakiwa atulie kimya ameinamisha macho. Vingine vikafuata, nyumba ikatikisika.

Bi Sikuzani hakupiga. Alitia mkono kapuni mwake, maana msukaji hatembei bila ukindu, akatoa kindu chache, akamnyooshea Mwanabaraka kwa mikono miwili.

"Nianzishie," alisema.

Neno hilo ni la mwanafunzi. Mtoto asiyejua kuanza ukili ndiye humwambia mwalimu wake hivyo. Mwanabaraka alizipokea zile kindu huku machozi ya furaha yakimtoka mbele ya watu wote, wala hakuyafuta. Akakaa ubavuni mwa Bi Sikuzani, akamwanzishia.