Mguu wa Kwenye Kalenda

Hogo la Chiriku, gamba gumu la kunyooshea mguu, lilitolewa kabla ya wakati wake, na aliyelitoa ni baba yake mzazi, kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya beseni la kufulia.

Mtoto alizaliwa na mguu wa kulia uliopindia ndani, unyayo unautazama mguu wa pili kama mtu anayemsengenya jirani. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo: akila anasema, akioga anasema, hata usingizini anajibu watu. Mama yake alikwisha fariki. Baba yake alikuwa fundi wa dari za jasi, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukawa mgumu kama jiwe. Kwa kipato cha dari, matibabu ya mguu aliyasikia tu kwa wenzake. Kilichomwokoa ni kituo cha watoto. Chiriku alishinda kule, akala, akasoma, jioni akarudi nyumbani. Picha ya mguu wake iliwekwa kwenye kalenda ya kituo, wafadhili wakaiona, wakalipia kliniki.

Matibabu hayakuwa ya kisu. Kila wiki mtu wa hogo pale kliniki aliunyoosha mguu kidogo, akauviringishia pamba, kisha akaufunga bandeji nyeupe iliyokauka ikawa gamba. Wiki ya pili analitoa, ananyoosha tena, anafunga jingine.

"Mguu wa mtoto ni mti mbichi," alimwambia fundi. "Ukiuachia, unarudi ulikotoka. Na huyu wako ana miaka mitano, tumeshachelewa. Hogo likitoka leo, jipya linaingia leo leo. Umenisikia, mzee?"

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Ila binadamu ana masikio mawili, na la pili lilikuwa la Mama Mlezi, msimamizi wa kituo.

"Fundi, Jumamosi wafadhili wanakuja," alimwambia mlangoni pa ofisi, hata kiti hakumpa. "Watu wamepanda ndege waje kuuona mguu. Watauona wapi, na umefichwa humo ndani?"

"Si mimi niliyeuficha, Mama. Ni kliniki."

"Basi litoe Ijumaa. Jumatatu gari la kituo linampeleka likafungwe jingine."

"Walisema likitoka..."

"Baba Chiriku." Akashusha sauti, akawa kama dada yake. "Watoto thelathini wanakula kwa mguu huo. Wageni wakikuta bandeji tu, watasema picha ilikuwa ya uongo. Mkono mtupu haulambwi, wewe si mgeni wa dunia. Au utamlipia mwenyewe?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe kwa jasi.

Ijumaa jioni dada yake, aliyemsaidia kulea mtoto na aliyejaliwa ulimi wa wembe, alimkuta na beseni la maji ya vuguvugu.

"Kaka, siku hizi unafua watoto?"

"Nalowesha hogo litoke."

"Kliniki imekutuma?"

"Kituo."

"Kituo kimesomea miguu lini?"

"Kituo ndicho kinacholipa, dada. Niache."

"Haya. Mchuma janga hula na wa kwao. Wa kwako ndiye huyo kwenye beseni."

Mguu ulipotoka ulikuwa umenyooka karibu nusu. Fundi alifurahi. Mama Mlezi kesho yake hakufurahi.

"Mbona umenyooka?" alinong'ona, kama mtu aliyefunua chungu akakuta nyama imepungua. Akainama kwa mtoto. "Chiriku, mwanangu, tembea kama zamani. Ukitembea kama zamani utapata soda."

Chiriku hakupenda kumuudhi mtu. Akaupinda mguu, akatembelea ubavu wake kutoka ukutani hadi kwenye viti vya wageni. Wageni wakafuta machozi. Bibi mmoja mwenye mvi alipiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kama kifaranga, akatoa viatu vipya vyekundu.

"Vya siku utakayopona," alisema. Bibi yule alikuwa na moyo safi, na habari za hogo hakuna aliyempa.

Mtoto akatembezwa tena kwa ajili ya waliokosa picha, na tena kwa ajili ya waliokuwa chooni. Soda aliipata.

Jumatatu gari la kituo lilikuwa linawatembeza wageni. "Kesho, Fundi," alisema Mama Mlezi. Jumanne wageni walikuwa bado wapo. "Kesho." Na kliniki haikumpokea mtoto wa kituo bila mtu wa kituo. Kila asubuhi fundi aliupima mguu kwa kiganja, na kila asubuhi ulikuwa umegeukia ndani zaidi. Jumanne jioni akaburuta mfuko wa jasi uliobaki kazini.

"Dari ngapi nimezifunga mji huu?" alimwambia dada yake. "Kimguu hiki ndicho kitanishinda?"

"Dari hailii, kaka."

Pamba hakuwa nayo, na aliiona ni urembo wa hospitali. Akaunyoosha mguu kwa nguvu hadi pale kliniki ilipokuwa imeufikisha, akauviringishia vipande vya shuka, akapaka jasi nene, kwa sababu jasi nyembamba hupasuka. Akailainisha kwa mwiko mpaka ikang'aa. Ilikuwa kazi safi.

Jasi hutoa joto ikikaza. Kila fundi analijua hilo, naye asubuhi za baridi aliwahi kupasha mikono moto kwenye ndoo ya jasi. Ila mkono wa fundi ukiona joto limezidi, huondoka.

"Baba, linaunguza."

"Ni joto tu. Linakaza."

"Linaunguza sana, Baba."

"Vumilia. Wewe si mkubwa? Ukitikisika litapasuka, tutaanza upya."

Chiriku hakulia. Aliuma ukosi wa shati la baba yake akatetemeka, na fundi akaushikilia mguu kwa mikono yote miwili usicheze, mpaka jasi ikapoa. Asubuhi mtoto alisema hausikii kabisa. Fundi akamshukuru Mungu, akaenda kazini.

Alhamisi gari la kituo lilipatikana. Wakati huo harufu ilikuwa imejaa chumba.

Mtu wa hogo alilikata kwa msumeno.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Pamba iko wapi?"

"Sikujua kazi yake."

Mtu wa hogo aligeukia ukuta. Siku hiyo hiyo madaktari wakaukata mguu.

Mama Mlezi alikuja wodini na mpiga picha. "Pole sana, Fundi. Mungu ana mipango yake." Kalenda iliyofuata, ya mtoto wa magongo, ilipendwa kuliko ya kwanza.

Hesabu ya kilichopotea ni hii. Mguu wa kulia, kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo. Mahogo yote ya kliniki, yaliyokuwa yamekwisha fanya kazi nusu. Kiatu kimoja chekundu, ambacho kituo kilimpa mtoto mwingine aliyepoteza cha kwake. Ufundi wa dari, kwa maana ndoo ikianza kupata joto mikono ya fundi hutetemeka, na hakuna anayeajiri mikono ya hivyo. Kelele za nyumba nzima, kwa kuwa Chiriku sasa ukimsemesha anakutazama tu, anangoja uondoke. Na usiku mguu ambao haupo ukimuuma, anayeitwa ni shangazi.