Lami Haina Vumbi

Tangu alfajiri Mohamedi hakukaa. Alifuta vioo vya basi la shule mara tatu, akayazunguka matairi, akaingia, akatoka. Miezi saba bila kazi si mchezo kwa dereva aliyeshika usukani miaka thelathini, na leo ndiyo siku ya majaribio. Amwendeshe Mwalimu Makrina, mkuu wa shule, kutoka Mkotokuyana hadi Ruangwa na kurudi. Mwalimu akiridhika, Jumatatu basi litajaa watoto, na Raudha, mjukuu wa Mohamedi, atakuwamo.

Mwalimu, mwenyeji wa Moshi, alikaa kiti cha mbele na karatasi yake mapajani.

Wakafika njia panda, pale barabara ya vumbi inapokutana na lami mpya. Pana kibao chekundu cha SIMAMA na mstari mweupe chini. Kukiona alikiona, tusimsingizie. Lakini macho yake yalikimbilia juu ya mikorosho, kama yalivyofanya maisha yake yote. Madereva wa zamani wa huku walisoma vumbi: likipanda, gari linakuja, lisipopanda, pita. Halikupanda. Akapunguza mwendo kidogo, akaingia.

Honi ikamziba masikio. Lori la ufuta lilitokea kulia, likayumba, likapita mbele ya basi, limebakiza mkono mmoja tu. Mohamedi akakanyaga breki mpaka mwisho.

"Hukusimama, mzee," alisema mwalimu.

"Hakukuwa na vumbi, mwalimu."

"Lami haina vumbi."

Akamwambia arudi nyuma, wajaribu tena. Mazoea yana taabu, lakini safari hii Mohamedi alisimama kabla ya mstari, matairi yametulia kabisa, akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Barabara ilikuwa tupu. Mwalimu akamwambia apite.

Mguu ukagoma. Macho yake yalikuwa yamerudi tena juu ya mikorosho, na yeye mwenyewe alijua, akaogopa. Kwenye kioo aliviona viti vitupu, na kile cha nyuma yake ndicho Raudha alichokwisha kujichagulia.

Akazima injini, akaweka ufunguo juu ya karatasi ya mwalimu.

"Watafutieni hawa watoto dereva aliyejifunzia kwenye lami," alisema. "Raudha nitamwambia mwenyewe."