Barua ya Mwenye Nyumba

Tangazo lilibandikwa mlangoni siku mbili baada ya hitima ya arobaini ya Miraj. Aliyelibandika hakupiga hodi wala hakutoa pole. Alipaka gundi juu ya nakshi za mlango ule uliochongwa Mombasa na kubebwa na wapagazi mpaka Voi, reli ikiwa bado haijaotwa hata ndotoni, akalipiga karatasi lake kibao kimoja na kwenda zake.

Mwinyihaji alilikuta jioni, alipokuja kumjulia hali dada yake. Yeye alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na suruali za wafanyakazi wa reli kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na stesheni. Alikuwa fundi mzuri, lakini mwepesi wa hasira. Mteja akiuliza mara mbili kama nguo yake iko tayari, alirudishiwa kitambaa chake kama alivyokileta. Alisoma tangazo mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa sauti, ili Saadiya asikie kutoka ndani.

"Nyumba hii imo katika njia ya barabara mpya ya stesheni. Itavunjwa na wafungwa tarehe thelathini mwezi wa nne. Mawe, boriti na vyote vitakavyokutwa siku hiyo ni mali ya serikali. Mwenye nyumba akiwa na neno, alilete yeye mwenyewe mbele ya Kamati ya Majengo."

"Yeye mwenyewe," Saadiya alirudia nyuma ya pazia. "Basi neno langu litangoja."

Maana Saadiya alikuwa kizuka. Mumewe Miraj alifariki mwezi kumi na nne Rajabu, na mjane hukaa eda katika nyumba ya mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, haonani na wanaume wasio mahramu wake. Na nyumba ilikuwa yake kweli. Miraj, alipoona hawakujaaliwa mtoto, alimwandikia mbele ya mashahidi. Baba yake Miraj ndiye aliyeijenga, mzee wa misafara, kwa mawe na chokaa, kuta nene za kutosha mtu kulala dirishani. Hakuna nyumba ya mawe iliyoitangulia pale Voi. Wengine wote walikuwa wakilala kwenye makuti na mahema, na hao wenye tangazo lao walikuwa hata hawajajua kama kuna Voi.

Asubuhi yake Mwinyihaji alikwenda bomani. Karani wa kamati alikuwa kijana wa Kidawida, Donald, mtoto wa misheni kutoka milimani, shati limenyooshwa na kalamu zimepangwa mezani kwa urefu wake. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Mwinyihaji zaidi: angekuwa mbaya, angejua la kumfanya.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" Donald aliuliza.

"Mimi ni ndugu yake."

"Basi aje mwenyewe."

"Yuko edani, bwana. Hawezi kutoka."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amefiwa."

"Pole sana," alisema Donald, na alisema kwa moyo kabisa. "Lakini hapa imeandikwa mwenyewe. Mimi nafanya vile imeandikwa."

Mwinyihaji alirudi kesho yake na barua aliyoiandika kwa niaba ya dada yake. Ikakataliwa, haina sahihi. Alirudi na sahihi, ikakataliwa, haikutiwa mbele ya karani. Ramadhani ikaingia. Kila asubuhi Mwinyihaji alisimama mbele ya meza ile midomo imekauka, na Donald akinywa chai yake na kumkaribisha kikombe, kila siku, bila kukosa, na kila siku akikumbuka baadaye na kuomba radhi. Kwenye cherehani suruali za watu zilirundikana. Ilipofika siku ya tano Mwinyihaji alishindwa kujizuia.

"Sikiza, bwana karani. Yeye haruhusiwi kuja hapa, na wewe huruhusiwi kupokea neno lake akiwa kule. Sasa wataka tufanyeje? Tuihamishe nyumba tuje nayo?"

Donald alifikiri sana. Kisha akasema kwamba kanuni yasema mbele ya karani, lakini haisemi karani awe wapi.

Kwa hiyo akaja. Alikuja amevaa viatu vilivyong'aa, kidau cha wino amekifunga ndani ya leso, akasimama barazani na kuvua kofia mbele ya pazia. Mwinyihaji alishika karatasi dirishani. Saadiya alitoa mkono, nao ameuzungushia upande wa kanga mpaka kikabaki kidole gumba peke yake. Na Donald, kwa adabu yake, kwa kuona si vizuri kutazama hata kidole cha mjane wa Kiislamu, aligeuza uso kuelekea kilima cha Mwakingali wakati kidole kikishuka. Alama ikaangukia nje ya mstari, juu ya jina la kamati.

Karatasi ilirudishwa. Sababu: imechafuliwa.

Mwinyihaji alicheka aliposomewa hayo, kicheko kibaya kilichomfanya askari wa mlangoni ageuke. Alitamani kuipindua meza ile na kalamu zake zote. Badala yake alirudi nyumbani, akamwambia dada yake kwamba serikali imeshindwa na kidole chake, akakaa barazani kungoja adhana ya magharibi huku akitukana kwa sauti ya chini na kumwomba Mungu msamaha kwa kuharibu saumu.

Kilichowaokoa ni mvua. Mvua za masika ziliifanya njia ya barabara kuwa tope, wafungwa wakapelekwa kuzibua madaraja ya reli, na tarehe thelathini ikapita bila nyundo kugusa ukuta. Siku chache baadaye mzungu mwenyewe, mwenyekiti wa kamati, alikuja na Donald kupima. Alipima unene wa kuta, akakuna chokaa kwa kisu, akasimama muda mrefu mbele ya mlango akipitisha kidole kwenye nakshi. Aliuliza nani aliijenga na lini, na Saadiya akajibu kutoka nyuma ya pazia, taratibu, kila jibu likifasiriwa na Donald. Mwisho akaulizwa yeye mwenyewe ana neno gani.

"Mwambie sina ugomvi na barabara," alisema Saadiya. "Niache nimalize eda ya mume wangu ndani ya nyumba ya mume wangu. Baada ya hapo, Mungu yuko."

Mzungu alikubali papo hapo. Donald aliuliza eda ni muda gani na marehemu alikufa lini. Mwinyihaji akamwambia: miezi minne na siku kumi, kuanzia ile Jumamosi, tarehe tatu mwezi wa tatu ya kwenu. Karani aliandika, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika tena. Neno lenyewe la nyumba, akafasiri, lingeamuliwa kamati itakapokutana.

Mwinyihaji hakuwa na imani na kamati. Alikwisha kuzoea kwamba kila karatasi inayotoka kule hutoka na mabaya. Hata hivyo alipita bomani mara mbili tatu, na siku moja ya mwezi wa sita Donald alimpokea amesimama, anatabasamu.

"Iko barua," alisema. Ilikuwa bahasha ya kaki, imelala mezani chini ya jiwe. "Imetoka kwa kamati. Lakini ni ya mwenye nyumba, nimpe mkononi mwake. Sasa bado anaomboleza, sitaki kumsumbua tena kama ile siku ya kidole. Siku akimaliza nitaileta mimi mwenyewe."

Mwinyihaji aliitazama ile bahasha. Angeweza kuuliza ina nini. Swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili, na Donald, kwa furaha aliyokuwa nayo, pengine angejibu. Lakini moto ulikuwa umeshampanda. Kwake yeye barua ya serikali ilikuwa na kitu kimoja tu ndani yake, na huyu kijana alikuwa akitabasamu juu ya kitu hicho.

"Kaa nayo," alisema. "Lala nayo kitandani. Sisi hatuna haja ya karatasi zenu."

Hakurudi tena bomani. Na kwa Saadiya hakusema kitu kuhusu bahasha, kwa kuwa, alijiambia, mjane ana huzuni za kumtosha.

Eda huhesabiwa kwa mwezi wa angani. Hakuna Mwislamu wa Voi aliyehitaji kuambiwa hilo, kwa hiyo hakuna aliyelisema. Mwezi ishirini na nne Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, siku ya Jumatatu, Saadiya alioga, akavaa nguo safi, akafungua mlango na kutoka barazani kwa mara ya kwanza tangu maiti ya Miraj ilipotolewa. Alitazama vigingi vya barabara, vilivyokuwa vimefika hatua thelathini kutoka ukutani. Kisha akamwita nduguye.

"Wale wafungwa watakuja lini?"

"Muda wako umekwisha. Wanaweza kuja leo, wanaweza kuja kesho."

"Na watakachokikuta ni chao?"

"Ndivyo lilivyosema tangazo."

"Basi hawatakuta kitu," alisema Saadiya. "Nyumba ya Miraj haitapigwa nyundo na watu waliofungwa minyororo, wala mlango wake hautakwenda kuwa wa choo cha boma. Itashushwa na watu waliokula ndani yake. Waite."

Mwinyihaji alifurahi. Lazima lisemwe, kwa sababu baadaye alilikumbuka zaidi kuliko yote: alifurahi mno. Baada ya miezi ya nenda leo rudi kesho, hatimaye kulikuwa na jambo la kufanya ambalo halikuhitaji muhuri wa mtu. Alifunga cherehani. Alikwenda kwa Thadeus, nyapara wa gengi la reli, ambaye Miraj alimlisha mwaka wa njaa ya vita, na Thadeus akaja na vijana sita na mitaimbo. Waislamu wa mtaani walikuja, Wadawida wa sokoni walikuja, wanawake wakapika sufuria tatu za pilau uani. Jumanne walishusha mabati na boriti, moja moja, Saadiya akizihesabu. Jumatano na Alhamisi walifungua kuta, wakakwangua chokaa na kupanga mawe. Mlango ulitolewa mwisho, pamoja na fremu yake, watu wanane wakiubeba, nao wakaulaza chali juu ya magogo. Mwinyihaji alifanya kazi kuliko wote. Aliimba.

Ijumaa asubuhi Saadiya alikuwa akifagia mahali palipokuwa sebule, na mkokoteni ukingojewa wa kupeleka mawe kiwanjani kwa Mwinyihaji, alipotokea Donald. Alikuwa amevaa koti. Viatu viling'aa vumbini. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki na kidau cha wino kwenye leso, na alitembea akitazama chini ili asichafue viatu, kwa hiyo alikuwa karibu sana alipoinua macho.

Alisimama. Alitazama kushoto na kulia, kama mtu aliyepotea njia.

"Iko wapi nyumba?" aliuliza.

"Hiyo hapo," alisema Mwinyihaji, akionyesha mirundo ya mawe. "Tumewapunguzia kazi. Waambie wafungwa wako wapumzike."

"Lakini leo ndiyo siku," alisema Donald. "Leo ndiyo tarehe kumi na tatu. Mwezi wa tatu tarehe tatu, weka miezi minne, weka siku kumi. Mimi nimehesabu. Leo ndiyo mama anamaliza."

"Nilitoka eda Jumatatu," alisema Saadiya. Alisimamisha fagio. "Sisi twahesabu mwezi wa juu, mwanangu. Hukuuliza?"

Donald aliichana bahasha, na kwa kuwa kanuni yasema barua isomwe mbele ya mwenyewe, aliisoma, ingawa sauti ilimkatikakatika. Kamati ya Majengo imeitazama nyumba ya mawe ya marehemu Miraj. Imeona ndiyo nyumba ya kwanza ya mawe katika mji huu. Barabara ya stesheni itapindishwa iipite upande wa kaskazini. Nyumba isivunjwe, isibadilishwe, wala jiwe lake lisiondolewe, na mjane akae humo maisha yake yote.

Kutoka stesheni lilisikika garimoshi likiachia mvuke.

"Imeandikwa lini?" Saadiya aliuliza.

"Tarehe kumi na nane, mwezi wa sita."

"Karibu mwezi mzima."

"Nilitaka niilete wakati mama hana kilio," alisema Donald. Macho yalikuwa yamemjaa. "Ndugu yako nilimwambia iko barua. Nilimwonyesha." Akafungua leso, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. "Inataka kidole, kwamba umepokea. Na imeandikwa ipokelewe mlangoni."

Mwinyihaji alikuwa na mengi ya kumwambia, juu ya vidole, na milango, na wanaohesabu siku za watu kwenye karatasi. Lakini Saadiya alikuwa amekwisha kwenda kwenye mlango uliolala juu ya magogo. Alichutama kando yake, akachovya kidole gumba, safari hii bila kanga na bila pazia, na Donald akashika karatasi juu ya nakshi akitazama vizuri. Alama iliangukia palepale pa kuangukia.

Saadiya alifuta kidole kwenye upande wa kanga. Kisha akamgeukia nduguye.

"Uliiona?"

"Niliiona. Sikuuliza ina nini," alisema Mwinyihaji, akitazama mawe aliyoyapanga kwa mikono yake mwenyewe.