Moruni wa Ghorofa ya Nne

Jumanne ya mwisho ya Machi, Veturia alitoa ndoo na soksi bafuni, akajaza maji baridi kwenye hodhi la kuogea, kisha akaacha mlango wazi. Saa nne na robo moruni akafika. Ni samaki wa mto Danubi, mwenye urefu wa mita tatu na nusu na ngao ndogo za mfupa mgongoni. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo alikuwa amepumzika kila ghorofa.

“Karibu, shoga. Umenenepa!”

“Mayai hayo. Milioni moja safari hii.”

Hodhi lilimtosha hadi tumboni. Mkia ulibaki kwenye korido juu ya taulo mbichi. Veturia akamletea supu ya maharagwe. Akaikataa kwa adabu, maana moruni akiwa safarini kwenda kutaga hali kitu. Familia ya Veturia ikahamia kuoga kwa majirani, kama kila baada ya miaka minne moruni anapopita.

Moruni hutaga kwenye changarawe alikozaliwa. Maji yakipata joto kabla hajafika, mwili wake huyanyonya mayai yote. Changarawe yake ilikuwa nyuma ya bwawa, na ukuta wa bwawa ulichorwa na Injinia Pantelimon wa ghorofa ya tatu, ambaye alipanda kusalimia akiwa amevaa tai, na michoro kwapani.

“Haya, Injinia, mlango wangu wa kupita ukutani umeonekana?” moruni akauliza.

“Tunautafuta.”

“Meli mliziachia njia.”

“Meli zilileta maombi ya maandishi.”

“Msikie!” Veturia akacheka. “Mwenzio angeandika kwa pezi lipi, we mzee?”

Pantelimon akaona haya. Akatoa penseli, akachora mlango chini ya ukuta, na bawaba zake. Mlango ukafunguka. Maji yakachuruzika juu ya karatasi. Moruni akapitisha ncha ya udevu mmoja, akaonja.

“Ndipo penyewe,” akasema. “Lakini ni milimita tatu.”

“Kipimo cha mchoro ni moja kwa elfu moja.”

“Basi chora mkubwa.”

“Mkubwa unahitaji saini.”

“Ya nani?”

Pantelimon akapekua karatasi zote, mbele na nyuma. Alipekua wiki tatu.

Maji ya Danubi yakapata joto. Asubuhi moja Veturia alikuta hodhi lina nafasi.

“Yameisha?”

“Yameisha.”

Moruni akashuka ngazi, mwepesi safari hii. Pantelimon alimtangulia, akamfungulia mlango wa jengo, ambao ulikuwa mpana wa kutosha.