Mikono ya Fidélie Ilipopona

Kwetu Shituru, mtaa wa Likasi, ukisikia mtu amelazwa, huulizi kwanza ana ugonjwa gani. Unauliza nani anamlinda. Mgonjwa hawi mgonjwa kamili bila mtu wa kulala kando ya kitanda chake, kumpikia uji, kumfulia na kugombana na wauguzi kwa niaba yake. Garde-malade, ndivyo tunavyomwita, na hata asiyejua neno jingine la Kifaransa analijua hilo. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba Fidélie, mjane wa Damas, fundi aliyewashonea nusu ya akina mama wa parokia yetu, alikwenda Lubumbashi kupasuliwa mikono yote miwili na hakumwambia mtu hata mmoja.

Msishtuke, haikukatwa ikaondolewa. Miaka ya nyuma alipatwa na sukari, daktari akamkataza bukari, ugali wetu, naye kwa kichwa chake kigumu akatii kupita kiasi. Mwili ukaisha nusu. Ngozi haikuisha. Ilibaki inaning'inia chini ya mikono, kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, na kila alipopunga mkono kuaga mtu ilitikisika. Akawa anashona blauzi za mikono mifupi kwa ajili ya wenzake huku yeye amevaa mikono mirefu katika joto la Oktoba. Sokoni walinong'ona yale wanayonong'ona daima hapa kwetu mtu akikonda. Aliyasikia, akaendelea kununua nyuzi zake.

Mtu mmoja alistahili kuambiwa, naye ni Berthe. Nyumba zao ni zile za kampuni, nyumba moja iliyogawanywa mara mbili, mlango huku na mlango kule, na katikati ukuta mwembamba. Berthe aliishi na mama yake, Mama Bibiane, aliyekuwa hatoki tena kitandani. Kila jioni Fidélie alivuka ua, akashika mabega ya mzee, Berthe akashika miguu, wakamgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Kisha alikaa hapo mpaka muda wa kulala, wakicheka na kusema watu. Fidélie hakupata mtoto, Damas alikuwa amekwenda, na kaka yake Kalenga wa Kolwezi alikuwa mtu wa kupiga simu siku ya mwaka mpya. Jioni zile ndizo zilizokuwa ukoo wake wote.

Sasa, jioni moja Berthe alisimulia habari za mwanamke wa Lubumbashi aliyekatisha ngozi ya tumbo. Alisema, huku akikamua kitambaa cha mama yake, kwamba kuna watu wana mwili mzima na wanautafutia kidonda. Angewaleta hapa wamwangalie mama, wangeona haya. Aliyasema hivi hivi, hakuwa na hili wala lile. Lakini Fidélie alikuwa ameshaonana na daktari wa kuikata ngozi ile ya mikono. Juma lililofuata akaaga kwamba anakwenda Kolwezi kumtembelea Kalenga.

Daktari hakumficha kitu. Alimwambia kwamba atabaki na kovu refu upande wa ndani wa kila mkono, litakuwa jekundu na gumu kwanza, kisha litafifia polepole, lakini halitakwisha. Mikono itavimba. Kuna mahali patakufa ganzi, labda kwa miezi. Atavaa mikono ya mpira wa kubana mchana na usiku, atalala chali na mikono imeinuliwa juu ya mito, hatanyanyua kitu kizito kuliko kikombe, na asithubutu kupandisha viwiko juu ya mabega mpaka aambiwe. Akiona usaha, homa, au wekundu unaosambaa, aje mbio, hasa yeye mwenye sukari. Mwisho akamwuliza ni nani yuko nyumbani wa kumlinda. Fidélie akajibu bila kupepesa macho: mdogo wangu Berthe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Walimtoa mirija ya kunyonya maji ya kidonda, wakamfunga upya, akakodi gari na kurudi Likasi Jumapili saa ya misa, barabara ikiwa tupu. Aliingia kwake, akafunga pazia na kukaa kitandani. Alikuwa ameandaa kila kitu. Mayai, karanga, unga wa uji, dawa zake, na bidoni za maji zimepangwa jikoni, zimejaa pomoni, vifuniko vimekazwa kwa nguvu za mikono mizima. Hapo ndipo alipozitazama bidoni zile na kuelewa. Bidoni haijimimini. Alikaa sakafuni, akakishika kifuniko kwa meno na kitambaa, akakizungusha mpaka kikalegea, kisha akaiinamisha bidoni kwa goti na kukinga kikombe. Alicheka mwenyewe, na kicheko hakikumsaidia.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Nywele hakuweza kuzifikia. Sidiria aliiacha. Mgongo ulimwasha chini ya bandeji na hapakuwa na mkono wa kuukuna, maana mikono aliyokuwa nayo ilikuwa yake na ilikuwa imekatazwa. Alitembea chumbani huku na huku ili damu isigande miguuni, kama alivyoagizwa, bila viatu asisikike. Koo lilimkereketa tangu wampe dawa ya usingizi. Akawa anakohoa ndani ya mto. Maumivu aliyatarajia. Alichokuwa hakukitarajia ni kwamba angetamani mtu aingie tu na kumwuliza umeamkaje. Alikuwa mpweke kabla ya hapo, lakini upweke wa kujificha una uchungu wake, kwa sababu huwezi hata kumlaumu mtu kwamba hakuja.

Na ng'ambo ya ukuta alisikia yote. Alimsikia Berthe jioni akimgeuza mama yake peke yake, akihema, akimwomba mzee ajisaidie kidogo. Alimsikia Mama Bibiane akiuliza jambo na Berthe akimjibu kwa sauti ya kuchoka. Fidélie aliiangalia mikono yake iliyolala juu ya mito. Hata angetoka angemfaa nini? Alijiambia hivyo kila jioni, na mnajua wenyewe, neno la kujiambia kila siku huwa halijatosha.

Asubuhi moja kilio kilipasuka kule. Sauti ya Berthe, peke yake kwanza, kisha za majirani wakija mbio. Mama Bibiane amekufa. Fidélie alisimama katikati ya chumba, machozi yakimtiririka bila kuweza kuyafuta vizuri. Mtu anayefiwa na mama, rafiki yake wa karibu ndiye wa kwanza kuingia. Anamkumbatia, wanaanguka pamoja, wanalia pamoja kwa sauti, kila mtu asikie. Kabla ya hapo mfiwa hajalia bado, anapiga kelele tu. Lakini yeye alikuwa Kolwezi. Mtu wa Kolwezi anapewa muda wa kusafiri. Aliwaza kwamba angengoja kiza kiingie, atoke na mfuko, aonekane amefika.

Alikuwa bado anapanga uongo wake wa pili pale simu ilipolia. Usiku ilikuwa imeteleza ikaangukia kati ya kitanda na ukuta, na ili kuifikia ilibidi asukume kitanda au anyooshe mkono hadi bega, na yote mawili hayakuwezekana. Ilikuwa na mlio wake, wimbo wa kwaya, ambao mtaa mzima unaujua. Ililia ikiwa imeegemea ukuta ule ule. Fidélie alipiga magoti, akajaribu kwa mguu, akaisukumia blanketi, likaishia njiani. Ikakatika. Ng'ambo ya pili kelele za Berthe nazo zikakatika. Kisha ikalia tena, mara hii muda mrefu zaidi, na Fidélie akajua kwamba Berthe hapigi tena ili apokelewe. Anasikiliza.

Alijifunga kikwembe kimoja kiunoni, kingine akakitupia mabegani kwa kukiuma na meno, akafungua mlango kwa kiwiko. Uani walikuwa wanatandika mikeka chini ya turubai. Wanawake walimwona akitokea nyumbani kwake, si barabarani, wakaacha kutandika. Berthe alikuwa amekaa chini. Fidélie akasimama mbele yake, kikwembe kikaanguka bega moja, bandeji ikaonekana na ule mpira wa kubana. Berthe akaitazama kwa muda.

"Ulikuwa mule mu nyumba," akasema. "Siku yote ile."

Fidélie akakubali kwa kichwa.

"Mama alikuwa anasema: Fidélie iko pale, namusikia anakohola. Muite. Minye niko namujibu: hapana, mama, Fidélie iko Kolwezi, ile ni kichwa yako." Berthe hakupandisha sauti. "Alikufa anawaza asema kichwa yake iliharibika. Alikuwa anaogopa. Alikuwa ananiomba musamaha juu ya kichwa yake."

Fidélie alitaka kuanguka chini pale mkekani amshike, lakini mikono haikupanda, na bila mikono hakuweza hata kuinama vizuri. Nyuma yake mama wengine walikuwa wanafika, wanamzunguka, wanainama, wanamkumbatia Berthe mmoja mmoja. Berthe alikumbatiwa na wote akiwa na macho makavu. Mtu mmoja akamsogezea Fidélie kiti, kama anavyosogezewa mgeni wa ofisini, akakaa mpaka mazishi.

Mazishi yalipokwisha na turubai likashushwa, sisi tulidhani mambo yamekwisha baina yao. Kumbe Berthe jioni ile ile aliingia kwa Fidélie na beseni la maji ya vuguvugu. Alisema mgonjwa haachwi bila mtu, mama yake asingekubali. Hakusema jingine. Alimfungua bandeji, akaosha mgongo, akachana nywele, akaangalia mishono kwa karibu kama daktari alivyoandika, akampaka dawa, akamvalisha tena ile mikono ya kubana, akatoka. Kesho yake akaja tena. Alikuja kila jioni. Mikono yake ilikuwa miepesi, imezoea mwili usioweza kujigeuza. Zamani alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Sasa alimwita mama Fidélie, kama wateja.

Fidélie aliipenda saa ile kuliko chakula. Uvimbe ulishuka. Kidonda kilifunga, nyuzi zikatolewa kwenye zahanati, sukari ilitulia. Chini ya kwapa palibaki ganzi, na makovu yaliwasha usiku, lakini mikono yenyewe ilitoka mizuri, myembamba, imetulia, mikono ya mwanamke aliyezaliwa nayo hivyo. Daktari alimwona, akampa ruhusa ya kuanza kuipandisha kidogo kidogo. Nyumbani alifanya mazoezi mlango umefungwa, kwanza hadi kifuani, kisha hadi kwenye paji la uso, mpaka siku moja akaugusa ukuta juu kabisa ya kichwa chake. Jioni Berthe alipofika na beseni, Fidélie alikuwa ameketi, mikono imelala mapajani.

"Bado inavuta?" Berthe aliuliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu kilio.

"Bado," akajibu Fidélie.

Mngefanyaje ninyi? Mimi namkasirikia na bado najua ningejibu vivyo hivyo. Alijua kwamba akisema imepona, beseni halitakuja tena. Basi akaugua tena, kwa makusudi, jioni baada ya jioni, akainamisha kichwa achanwe nywele ambazo mchana alizichana mwenyewe na kuzitibua upya. Hawakuzungumza, ila swali lile moja na jibu lile moja, lakini kulikuwa na mtu chumbani, na maji, na pumzi ya mtu mwingine karibu na sikio lake.

Siku ya mwisho Berthe alikuja mapema, jua lilikuwa bado liko. Pazia siku hizo lilikuwa wazi. Fidélie alikuwa amesimama mbele ya kioo, amevaa blauzi isiyo na mikono aliyojishonea, anafunga kitambaa kichwani, viwiko viwili juu hewani. Hakumwona mtu dirishani. Aliposikia mlango alikaa haraka na kujifunika kikwembe mabegani, akakunja uso kidogo, kama mtu mwenye maumivu.

Berthe alifanya kazi yake yote. Alifungua kitambaa kile kilichofungwa vizuri, akachana nywele, akaosha mgongo, akapaka dawa kwenye makovu, hakuacha hata moja. Alikausha mikono yake. Kisha akasema, akiwa bado nyuma yake:

"Nilikuona. Tangu siku gani inapanda?"

Fidélie hakugeuka. Alisema ni siku nyingi. Alisema aliogopa kwamba akipona Berthe hatakuja tena, na hakuwa na mtu mwingine duniani. Aliyasema yote mara moja, kwa uchungu, na kwa mara ya kwanza tangu aende Lubumbashi hakuweka uongo hata kidogo ndani yake.

Berthe aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Minye nilikuwa nangoja mikono yako ipone. Bado sijamulilia mama. Bantu bote balinikumbatia, machozi ikakatala kutoka. Nikawaza: niache kwanza, siku mikono ya Fidélie itapanda, atakuja kwangu yeye mwenyewe, tutamulilia mama sisi babili." Akaliinua beseni. "Kila jioni nilikuwa nauliza mikono yako, siyo juu ya mikono, ilikuwa juu ya kilio ya mama."

Fidélie akasimama. Kikwembe kikaanguka, naye akainyoosha mikono yote miwili mbele, ikapanda bila kuvuta, bila maumivu yoyote, hadi urefu wa mabega ya mwenzake. Lakini Berthe alikuwa ameshika beseni lililojaa maji, kwa mikono miwili, na alikuwa anapita mlangoni kwa uangalifu asije akamwaga. Alisema kwamba maji hayo atayamwaga kwenye mboga. Fidélie alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono mizuri imefunguka, na ndani yake hakuna mtu.